Wafu wa Séraphin

Arusi zilipokwisha Likasi, Séraphin, mpiga video wa mtaa wa Kikula, alihamia kwenye vilio. Msimcheke. Mwenye kamera hufuata watu walipokusanyika, na mwaka ule wa tisini na tano watu wa mji wetu walikuwa wakikusanyika msibani tu, na msiba sisi huuita kilio. Alimpiga picha maiti, mjane, masufuria, hata ugomvi wa mawifi, kisha familia ikaitazama kanda ile na kulia upya. Ilifika mahali kilio kisicho na kamera ya Séraphin kilionekana kama kilio cha mtu asiye na ndugu.

Wakati huohuo, kwenye chumba cha video karibu na soko, ilifika filamu ya Wazungu ambamo maiti walitoka ardhini na kuwafukuza watu. Nasikia huko kwao watu walizimia kwa hofu. Kikula watu walivunjika mbavu. Maiti walikuja na nguo zilizochakaa, macho yamewatoka, wakiburuta miguu kuelekea mahali ambapo hakuna aliyewahitaji. Mmoja gizani akapaza sauti: "Équipe ya asubuhi hiyo!" yaani zamu ya asubuhi ya kiwanda chetu. Mwingine akajibu: "Afazali beye, banakula kila siku!" Chumba kizima kikaangua kicheko, isipokuwa Séraphin, aliyekuwa ameshapata wazo. Filamu ya wafu angeweza kuitengeneza mwenyewe, tena wachezaji walikuwa wakipita mbele ya nyumba yake kila jioni.

Ndiyo maana asubuhi moja alibisha hodi kwa Suzanne, mke wa mmoja wa wapita njia hao.

"Mama Carmel," alisema, "nalomba bwana yako. Nataka afanye mufu."

"Weye Séraphin, akili yako iko fasi gani?" Suzanne alikuwa mtu wa maombi, na hata mbali na maombi hakupenda maneno hayo. "Muntu hacheze na kufwa. Ukiita, inakuya."

"Haina kuita, mama. Ni cinéma tu. Na bukari iko, na maharagi. Bote benye banafanya bafu batakula."

Suzanne alifungua kinywa ili amfukuze, kisha akakifunga. Bukari ni ugali, na ugali ulikuwa haujapikwa nyumbani kwake tangu juzi.

Albert, mume wake, alikuwa msimamizi katika kiwanda cha shaba. Niseme alikuwa, ingawa yeye mwenyewe asingekubali neno hilo. Kiwanda hakikufungwa, na hapo ndipo penye kisirani, maana kingefungwa mtu angejua la kufanya. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, mishahara ikachelewa, ikachelewa tena, mwisho ikaacha hata kuchelewa. Hakuna mkubwa aliyejitokeza kusema neno. Basi kila asubuhi Albert alivaa nguo zake za kazi, Suzanne amezifua na kuzipiga pasi ya makaa, akaenda kukaa getini na wenzake. King'ora kingelia naye hayupo, je? Jioni walirudi kwa mstari, kimya, vumbi mpaka kwenye kope. Nyumbani alikaa akitazama ukuta. Suzanne alimpenda mume wake, na mara nyingine alitamani kumtikisa kama mti wa mapera ili angalau kitu kidondoke.

Maana mahali pa kwenda palikuwepo. Kaka yake Albert, Étienne, alikuwa na shamba Kapolowe, mihogo na mahindi, na ziwa la samaki karibu. Suzanne alimsihi mume wake wahamie huko. Alimsihi kwa upole, alimsihi kwa hasira, alimsihi kwa kunyamaza. Jibu lilikuwa moja: "Nirudie kwetu na mikono bule?" Tena kulikuwa na jambo zito zaidi ya mikono mitupu. Mama yao alipofariki, kiwanda kikiwa bado na nguvu zake, Albert hakwenda kumzika. Aliogopa kuomba ruhusa wakati cheo cha usimamizi kilikuwa kinagawiwa. Alituma mfuko wa unga juu ya lori. Étienne aliupokea mfuko ule mbele ya watu wote, akasema: "Mumuambie, mguu yangu itafika kwake siku ya kilio yake." Tangu hapo ndugu hao hawakuonana.

Na sasa nywele za mtoto wao wa mwisho zilikuwa zimeanza kugeuka nyekundu. Kila mama wa Likasi alijua nywele hizo ni za njaa, na baada yake hufuata nini. Suzanne alizifunika kwa kitambaa ili majirani wasizione, na usiku aliomba Mungu amlainishe Albert kabla ya mtoto kuanza kuvimba miguu.

Alipomweleza mume wake habari ya Séraphin alidhani atachukia. Albert aligeuka kutoka kwenye ukuta.

"Banatafuta bantu?" aliuliza.

"Ya kufanya bafu, baba Carmel. Mufu mukubwa utakuwa weye."

"Kama kazi iko, minye niko tayari," Albert akasema, na akainuka kutafuta shati. Suzanne akaingia jikoni akalia kidogo, kwa haya na kwa furaha, asijue ipi ilizidi.

Filamu ilipigwa kwenye lubanza lao, yaani ua wa nyumba, kwa sababu ulikuwa mpana. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi: mfanyakazi amekufa, watu wanamlilia, na Séraphin akipiga mluzi marehemu anainuka, wafu wengine wanaingia kutoka njiani, waombolezaji wanakimbia. Unga wa kuwapaka usoni nani alikuwa nao? Walipaka pemba, udongo mweupe, ambao wazee hupaka kwa mambo yao mengine kabisa, na Suzanne aliomba msamaha kimoyomoyo alipompaka Albert mashavu na paji la uso.

Séraphin alikuwa amejitayarisha kuwafundisha wanaume wa getini jinsi mfu anavyotembea. Aliwapanga kule barabarani, akawaambia waje kwanza kawaida tu ili apime mwanga. Wakaja. Mikono imelegea, macho yako mbali, miguu inaparuza mchanga. Séraphin alitazama kwenye kamera yake mpaka wakafika ukutani. "Bon," alisema polepole. "Hivyo hivyo." Hakufundisha tena, na yule mcheshi wa chumba cha video, aliyekuwa amekuja kutazama, aliwapisha njia.

Kwa upande wa kilio waliombwa akina mama wa mtaa, wakiongozwa na mama Mbombo, ambaye sauti yake ilijulikana Likasi nzima na ambaye hakuwahi kukosa machozi hata kwa marehemu asiyemjua. Albert alilala kwenye mkeka katikati, kitambaa kifuani. Mama Mbombo akaanza, wenzake wakampokea, na kilio kikapanda mpaka mbwa wakaitikia.

Sasa, kuna mwanamke aitwaye Daniella, muuza samaki, aliyekuwa akija kutoka Kapolowe na makapu yake na kurudi na taxi-bus. Siku hiyo alipita nyuma ya ua huo mbio mbio, kwa sababu dereva alikuwa ameshapiga honi. Alisikia kilio, akachungulia juu ya ukuta, akamwona Albert, mtoto wa kwao, amelala mweupe kwenye mkeka, Suzanne kichwani pake na Séraphin akipiga picha kama anavyofanya kwenye kila kilio cha maana. Angeuliza nini tena? Alipiga yowe lake moja, akaweka samaki waliokaushwa juu ya ukuta kuwa mchango wake, akakimbilia gari kuipeleka habari Kapolowe. Wachezaji walidhani ni jirani mchangamfu. Séraphin alifurahi sana na yowe lile.

Kabla marehemu hajainuka betri ilikufa. Ikabidi waahirishe mpaka kesho, na wote wakala. Albert alikula na wanaume wenzake, pemba usoni, akacheka mara moja jambo ambalo Suzanne hakulisikia. Alikiangalia kicheko kile mpaka kikaisha.

Kesho yake walianza upya. Mkeka, pemba, akina mama, wafu wakingoja barabarani. Mama Mbombo alikuwa amefika pale anapomuuliza marehemu kamwachia nani watoto, ndipo sauti nyingine ikasikika kutoka njiani. Sauti ya mwanaume, nzito, imepasuka, isiyojua kupanda wala kushuka kwa utaratibu. Ilikuwa ikiita, "Albert! Albert ee!"

Étienne aliingia na mfuko wa unga begani na mbao za jeneza chini ya kwapa, maana Kapolowe kote ilijulikana kwamba Likasi mbao hazipatikani. Alikuwa amezeeka. Alitupa mbao, akatua mfuko, akasimama mbele ya mkeka na kuvua kofia.

Kilio cha waigizaji kilikatika. Mama Mbombo alimtazama Suzanne. Séraphin, kamera begani, naye alimtazama Suzanne, na hakuzima kamera. Kila mtu pale alijua kwamba ni neno moja tu linahitajika: shemeki, ni mchezo. Suzanne alikuwa nalo mdomoni. Chini yake aliona kope za Albert zikitetemeka, na akajua kwamba ameisikia sauti na ameitambua. Akifungua macho sasa, alifikiri Suzanne, watatukanana, Étienne ataona amechezewa, atabeba mbao zake arudi kwake, na mtoto wangu atakufa kweli. Alijua ni ukatili. Alikaza roho, akainamisha kichwa kama mjane, akamwacha shemeji yake aseme.

Kwetu mtu huongea na marehemu kabla hajazikwa. Humwambia lililobaki, maana baadaye hakuna njia.

"Albert," Étienne alisema. "Minye njo huyu. Nilisema sitakanyaga hapa paka siku ya kilio yako. Angalia sasa, kinywa yangu ilikuua." Alipumua. "Mama alikufwa, ukatuma bunga. Ile bunga tulikula, mudogo yangu. Kilio muzima bantu balikula bunga yako. Minye nilikula, na nilikutukana na kinywa iko na bukari ndani."

Akaikunja kofia mkononi.

"Balinieleza Likasi iko njala. Nilisema, aache, atakuya mwenyewe kunilomba. Niko na mihogo inaozea mu udongo, minye nangojea unilombe! Kila taxi-bus ilikuwa inasimama kwetu nilikuwa naangalia nani anashuka. Kila moja, Albert. Haukushuka. Sasa mihogo yenyewe nimupe nani?"

Chozi lilitoka pembeni ya jicho la Albert, likachora njia kwenye pemba mpaka sikioni. Suzanne aliliona. Étienne hakuliona, kwa sababu alikuwa amejifunika uso na kofia.

Séraphin hakupiga mluzi. Albert aliinuka mwenyewe, akaketi juu ya mkeka, mweupe, akasema, "Yaya," neno letu la kumwita kaka mkubwa.

Basi pakatokea kizaazaa. Nusu ya akina mama walikimbia kwa sababu ndivyo walivyoelekezwa, na nusu walikimbia kwa sababu walisahau kwamba wameelekezwa. Wale wafu wa barabarani waliona watu wanakimbia wakadhani zamu yao imefika, wakaanza kuingia, mikono imelegea. Séraphin naye, akiona mfu wake ameinuka na mwombolezaji mmoja bado amesimama pale katikati anamharibia picha, alipata sauti.

"Kimbia, papa! Kimbia!"

Étienne hakukimbia. Alipiga magoti mbele ya mkeka, na kutoka pale chini akamshika Albert mabega kwa mikono yote miwili.

"Papa, kimbia! Ni mufu!"

"Hata kama," Étienne akasema. "Ni mudogo yangu."

Akamvuta kifuani. Alimkumbatia akiamini kabisa kwamba anakumbatia maiti. Ilichukua muda mwili ule kumwambia kwamba una joto na unalia. Aliusukuma nyuma akautazama. Akaiona kamera, akawaona wale wanaume waliopakwa, akaelewa nusu, na hiyo nusu ilitosha. Alimpiga Albert kofi lililorusha vumbi la pemba. Halafu akamkumbatia tena.

Sasa Suzanne akapandwa na hasira, hasira iliyokuwa imengoja mwaka mzima na haikuchagua mtu.

"Angalieni bile bintu!" alipiga kelele akionyesha mfuko na mbao. "Mwaka muzima, hakuna hata muntu mumoja alipita hapa na kopo ya bunga. Albert eko muzima, anatembea, anakauka mbele ya macho yenu bote. Leo anafwa, mufuko muzima! Paka muntu afwe njo munakumbuka njia ya nyumba yake? Mutoto yangu, nywele inakuwa nyekundu!" Akamvuta mtoto kutoka mlangoni na kumvua kitambaa, mbele ya majirani wote aliowaficha.

Étienne alimtazama mtoto. Uso wake ulibadilika.

"Unasema kweli, shemeki," alijibu. "Lakini mulinificha."

"Ni minye," Albert akasema kutoka mkekani. "Nilisikia haya, yaya. Kwa mama sikuya, na sikulomba hata ruhusa. Nilidanganya kama balinikatalia. Nirudi kwenu na uso gani?"

"Na ile uso uko nayo." Étienne alijifuta pua kwa kofia. "Mufunge bintu. Kesho tunaenda Kapolowe."

Hapo, na wallahi Suzanne alitaka kumng'ata, Albert akajibu kwa sauti ya mazoea: "Kesho asubuhi niko na kazi."

"Kazi gani?"

Albert aliwatazama wenzake wa getini waliosimama kando ya ukuta na nyuso zao nyeupe, kama mtu anayetafuta mashahidi. Mmoja alitazama viatu vyake, mwingine akageuka upande.

"Haiko," Albert akasema. Ilimtoka kwa shida. "Kazi ilikufwa, yaya. Siku mingi."

"Nani alitangaza?"

"Hakuna muntu."

"Na mulilia?"

"Hatuyalia."

Étienne akautazama mfuko wa unga. Alikuwa mkubwa wa familia, na katika mambo ya kilio alijua utaratibu. Vitu vilivyoletwa kwenye kilio havirudi vilikotoka, mkosi huo hakuna anayeutaka. Na watu waliokwisha kusanyika hawatawanywi bila kula. Aliusukuma mfuko wa unga kwa mguu mpaka mbele ya Suzanne.

"Shemeki, upike yote. Na nyinyi bamama, muliitwa kulia. Mulie."

Mama Mbombo hakuuliza nani. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akaanza, safari hii bila haraka, kama anavyolilia mtu wa kwake. Aliita unga wa kiwanda wa mwisho wa mwezi. Aliita hospitali alikojifungulia bila kulipa, na shule, na muziki wa Jumapili kwa wafanyakazi na wake zao. Aliuliza, ulituacha na nani, mbona hukuaga. Aliita pia vidole vya mume wake vilivyobaki ndani ya mashine, maana marehemu hasifiwi tu. Mmoja wa wanaume wa ukutani alitoa sauti kifuani, halafu wa pili, na muda si muda wote walikuwa wakilia, wanaume wazima, pemba ikiwatiririka mpaka kwenye shati. Albert alilia kuliko wote. Suzanne alisonga ugali, mvuke ukimpiga usoni, na alipomsikia mume wake akaongeza unga mwingine sufuriani.

Walipokwisha kula, Étienne alisimama. Mkubwa ndiye hufunga kilio, na hakifungwi mpaka aseme mjane ataishi kwa nani na nani atawachukua yatima. Alisafisha koo.

"Marehemu aliacha bantu," alisema. "Aliacha Albert, na muke yake, na batoto yabo. Hawa minye natwala."

Suzanne alimkumbatia mtoto wake akamshukuru Mungu kwa sauti. Albert aliitikia kwa kichwa, akiwa bado ameshika tonge.

Kisha Étienne akageukia wale wanaume wengine, waliokaa kwa mstari chini ya ukuta na sahani mapajani.

"Na hawa?" aliuliza. "Nani anabatwala?"

Alingoja, kama desturi inavyotaka, ili ndugu wajitokeze. Suzanne aliwaangalia, majirani zake wa miaka yote, mmoja mmoja. Hakuna ndugu aliyesimama.